Si Wingi wa Vikapu, Bali Upana wa Shamba

Mtu wa pwani apandapo kwenda Kabianga, katika nchi ya chai ya Kericho, kitu cha kwanza kimpokeacho ni rangi. Sisi tumezoea buluu ya bahari, weupe wa chokaa na kutu ya mabati yaliyoliwa na chumvi. Kule ni kijani juu ya kijani, vilima na mabonde, kama mtu aliyetandika mkeka mmoja akakosa mahali pa kuukatia. Asubuhi kuna ukungu, mchana jua kidogo, na alasiri mvua, mara nyingine mvua ya mawe. Mwenyeji haoni ajabu, lakini mgeni aliyebeba kamera hupata taabu, kwani mwanga wa kule hautulii hata robo saa.

Tulikwenda huko kwa mahafali ya binti wa jamaa yetu katika Chuo Kikuu cha Kabianga. Chuo hicho kilianza mwaka 2009 kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha Moi, kikapewa hati yake wenyewe mwaka 2013. Siku ya mahafali, nje ya lango, utawakuta wapiga picha wamejipanga kama wauza maua. Majoho ni meusi, anga ni jeupe, nyuso ni za rangi yetu sote tujuayo, na nyuma yake ni chai mpaka upeo wa macho. Kupiga picha moja ikawa na vyote hivyo bila kimoja kupotea, hiyo si kazi ndogo.

Kati yao alikuwako kijana mmoja, mtoto wa mkulima wa chai, ambaye kamera aliyoishika ilikuwa ya kukodi. Alipojua kwamba tunaandika magazetini alitujia kwa adabu. "Shikamoo mzee. Nataka unishauri jambo." Tukamwambia aseme. Akaeleza kwamba mama yake amepokea bonasi ya chai, na katika bonasi hiyo amemwekea fungu la kununua kamera yake mwenyewe ili aache kukodi. Amekwenda madukani akaonyeshwa tatu. Ya kwanza ni ndogo, kuukuu, na muuzaji ameapa kwamba ndani yake mna CCD, ati rangi zake ni za asili kama filamu za zamani. Ya pili ni mpya, inang'aa, imeandikwa megapikseli 48 kwa herufi kubwa. Ya tatu ni nzito, imetumika, haina haiba, ina lenzi ya kubadilisha na megapikseli 16 tu. Bei zao zakaribiana. "Mzee, nikikosea hapa, nimemkosea mama. Nichukue ipi?"

Swali hilo si la kijana mmoja wala si la Kabianga peke yake. Kila wiki mtu wa Mombasa, wa Tanga au wa Unguja anatoa pesa za jasho lake kwa kuhesabu namba iliyoandikwa juu ya boksi. Sisi wenyewe hatuna haki ya kumcheka mtu. Miaka kadhaa iliyopita tulinunua kamera ndogo kwa sababu namba yake ilikuwa kubwa kuliko ya jirani yake kabatini. Tukaenda nayo kwenye harusi ya ndugu yetu, usiku, ndani ya nyumba yenye taa mbili. Picha zilizotoka zilijaa chengachenga kama televisheni iliyopoteza mawimbi. Bibi mmoja aliyekuwa katika picha hizo amekwisha kutangulia mbele ya haki, na sura yake ya mwisho tuliyo nayo ni kivuli cha rangi ya udongo. Kosa lilikuwa letu. Tulinunua hesabu tusiyoijua maana yake.

Basi na tuieleze hesabu hiyo kwa lugha yetu, maana hapana sababu ya mtu kuambiwa kwamba jambo hili ni la wazungu au la mainjinia.

Ndani ya kamera ya kidijitali, pale palipokuwa na filamu zamani, pana kibamba cha silikoni. Wataalamu wa lugha hukiita kihisio. Vijana wa kazi hukiita sensa, na jina hilo halikukosea njia, kwa kuwa sensa kwetu ni kuhesabu watu nyumba kwa nyumba, na kibamba hiki nacho kazi yake ni kuhesabu nuru, chumba kwa chumba. Vyumba hivyo ndivyo pikseli. Milioni moja ya vyumba ndiyo megapikseli moja. Nuru ikipiga katika silikoni hufungua chembe za umeme ziitwazo elektroni, na chumba kilichopata nuru nyingi hujaza elektroni nyingi. Mwisho wake huhesabiwa, na hesabu hiyo ndiyo picha.

Kwa kuwa tuko Kabianga, na tuchukue mfano wa chai. Kila pikseli ni mchumaji mwenye kikapu. Nuru ni majani yanayoingia kikapuni. Muda wa kufunguka kwa shata ndio muda wa kuchuma. Muda ukiisha hapana budi kila kikapu kipimwe, na hapo katika kupima ndipo zilipotengana njia mbili kubwa.

Njia ya kwanza ni CCD. Mizani ni moja tu, iko pembeni mwa shamba. Wachumaji husimama kwa safu, kila mmoja akamimina majani yake katika kikapu cha jirani kilichokwisha kumiminwa, safu ikasogea, mpaka majani ya kila mmoja yamefika mizani kwa zamu. Uzuri wake ni kwamba mizani ni ile ile moja, kwa hiyo hapana mtu anayedhulumiwa kwa mizani mbovu. Ubaya wake ni kwamba safu ndefu huchukua muda, na kusogeza majani mara elfu kadha kwataka nguvu nyingi za betri. Na kikapu kikijaa kupita kiasi, majani humwagikia kwa jirani. Tena katika video za kamera nyingi za CCD za zamani, taa kali ilichora mstari mweupe toka juu hadi chini ya picha.

Njia ya pili ni CMOS. Hapa kila mchumaji amepewa mizani yake ndogo mkononi. Hapimi kwa kungoja safu yote isogee. Kazi huwa ya haraka, na nguvu zitumikazo ni chache. Lakini mwanzoni njia hii ilikuwa na aibu mbili. Kwanza, mizani milioni haziwezi kufanana, moja huzidisha, moja hupunguza, na tofauti hizo zilionekana katika picha kama madoa yasiyohama. Pili, mizani yenyewe ilikalia sehemu ya mdomo wa kikapu, majani yakaanguka nje.

Historia yake ni fupi na yafaa kuijua. CCD ilibuniwa mwaka 1969 katika maabara za Bell, Marekani, na mabwana wawili, Willard Boyle na George Smith. Mwaka 2009 wakapewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia kwa kazi hiyo. Mwaka 1975 kijana wa kampuni ya Kodak, Steven Sasson, aliunda kamera ya kwanza ya kidijitali ya kushikwa mkononi kwa kutumia CCD ya pikseli 100 kwa 100, yaani elfu kumi tu. Picha moja ilichukua sekunde 23 kuandikwa katika kanda ya kaseti. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Eric Fossum, akifanya kazi katika maabara ya JPL ya shirika la anga za juu la Marekani, NASA, alitafuta kamera nyepesi isiyokula umeme mwingi kwa ajili ya vyombo vya angani, na hapo ndipo CMOS ya leo ilipopata miguu. Mwaka 1999 Nikon walitoa D1 yenye CCD. Mwaka uliofuata, 2000, Canon wakatoa D30 yenye CMOS. Kwa muda wa miaka kumi hivi zilishindana. Leo mshindi ajulikana: simu iliyo mfukoni mwako, kamera ya mwandishi wa habari, na ile iliyo mlangoni mwa benki, zote ni CMOS.

Mbona CMOS ikashinda, na aibu zake tumezitaja? Kwa sababu aibu hizo ziliondolewa moja baada ya moja. Tofauti za mizani zikapimwa na kutolewa katika hesabu. Kisha nyaya zilizoziba mdomo wa kikapu zikahamishiwa chini: kibamba kikageuzwa kifudifudi, nuru ikaingia kwa upande usio na nyaya. Sony walianza kukiuza kihisio cha namna hiyo mwaka 2009. Mwaka 2012 wakaongeza ghorofa: vikapu juu, chumba cha hesabu chini yake. Usione vyaelea, vimeundwa.

Lakini CCD haikufa, na mtu asikwambie kwamba ni takataka. Huko Chile, katika kituo cha kuangalia nyota cha Vera Rubin, iko kamera kubwa kuliko zote zilizopata kuundwa kwa kazi ya falaki, ina megapikseli 3,200, na ndani yake mna CCD 189. Picha zake za kwanza zilionyeshwa Juni 2025. Nyota haikimbii, na mtazama nyota ana subira. Yeye ataka mizani moja ya haki kuliko haraka. Kila ndege huruka kwa ubawa wake.

Sasa turudi kwa yule muuzaji aliyeapa juu ya rangi za CCD. Habari hii imeenea sana miaka hii ya karibuni, vijana mijini wanazisaka kamera kuukuu za miaka ya 2000 wakisema rangi zake zina roho. Hatuwanyimi mapenzi yao. Lakini ukweli ni huu: silikoni haijui rangi. Kikapu huhesabu majani tu, hakiulizi ni ya rangi gani. Rangi hutoka katika vioo vidogo vilivyobandikwa juu ya kila pikseli, kimoja chekundu, kimoja cha buluu, na viwili vya kijani, kwa mpango aliouvumbua Bryce Bayer wa Kodak, ambao hati yake ilitolewa mwaka 1976. Kwa nini kijani mara mbili? Kwa kuwa jicho la binadamu huona kijani kwa ukali kuliko rangi nyingine. Kwa hiyo, ndugu msomaji, katika karibu kila kamera ulimwenguni, nusu ya pikseli zimevaa miwani ya rangi ya Kabianga. Mpiga picha wa mashamba ya chai amependelewa bila kujua.

Baada ya vioo hivyo, programu iliyo ndani ya kamera hukisia rangi zilizobaki na kuzipika. Kamera mbili zenye CMOS ile ile zaweza kutoa kijani mbili tofauti, kama nyumba mbili zenye mchele ule ule na pilau mbili. Hivyo mwenye kusema rangi hii ni ya CCD na ile ni ya CMOS anasifu sufuria na kumsahau mpishi. Yako pia makabila mengine ya vihisio. Mwaka 2002 kampuni ya Sigma ilitoa kamera SD9 yenye kihisio cha Foveon, ambacho hakina vioo hivyo. Kina tabaka tatu, kwani buluu huishia karibu na uso wa silikoni, kijani huingia kati, na nyekundu huzama ndani zaidi. Mchana kweupe picha zake ni safi ajabu. Giza likiingia, chenga humjia upesi.

Sasa tumefika penye kiini, na hapa ndipo pesa za mama wa watu zinapopotea. Tuseme una ekari moja ya chai na wachumaji kumi. Ukiwaongeza wakawa mia, je, shamba litatoa majani mara kumi? Hasha. Shamba ni lile lile. Kila kikapu kitapata kidogo zaidi, basi. Ukitaka majani mengi, tafuta shamba pana zaidi. Megapikseli ni idadi ya vikapu. Upana wa kihisio ndio shamba. Na wauzaji wengi hutangaza vikapu kwa sauti ya adhana, na shamba wakalinong'ona.

Angalia hesabu. Kihisio kikubwa chenye kipimo cha filamu ya zamani kina milimita 36 kwa 24, eneo lake ni milimita za mraba 864. Kinachofuata, kilicho katika kamera nyingi za lenzi ya kubadilisha, kina kama 23.5 kwa 15.6, yaani eneo la 367 hivi. Kiitwacho Four Thirds kina 17.3 kwa 13, eneo 225. Kile cha kamera ndogo nyingi za mfukoni kina kama 6.2 kwa 4.6, na eneo lake halifiki hata 29. Basi ile kamera nzito isiyo na haiba, kama ni ya kipimo cha pili, ina shamba lipatalo mara 12 na zaidi kuliko kamera ya mfukoni. Iandikwe 48 au iandikwe 480, ekari hazikuongezeka.

Kwa nini wingi wa nuru una maana hivyo? Kwa sababu nuru huja kwa chembe, na chembe haziji kwa utaratibu kama askari, huja kama matone ya mvua juu ya paa. Kikapu kilichopata chembe 100 huwa na wasiwasi wa kama 10, yaani sehemu moja katika kumi. Kilichopata 10,000 huwa na wasiwasi wa kama 100, yaani sehemu moja katika mia. Wasiwasi huo ndio chengachenga tulizoziona katika picha za harusi. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba chenyewe kikiwa kama kifuniko cha soda, hakuna haba itakayokuokoa.

Wafanyabiashara wana hila nyingine ya kipimo. Utasikia kihisio cha inchi moja. Ukikipima utakuta upana wake ni milimita 13.2, na inchi moja wajua ni milimita 25.4. Jina hilo lilirithiwa kutoka zama za bomba za kioo za kamera za televisheni, ambapo inchi moja ilikuwa upana wa bomba lote kwa nje. Bomba zimekwenda zao, jina likabaki. Wazee wetu walipouziwa kwa pishi pungufu walimwita mpimaji shahidi. Sisi tumenyamaza.

Haki itendeke kwa simu pia. Simu ina shamba dogo mno, lakini ina akili nyingi. Hupiga picha kadhaa kwa nukta moja, ikazipanga juu yake, ikazijumlisha, na kwa hila hiyo ikalipanua shamba lake. Na zile simu za megapikseli 48, nyingi huunganisha vikapu vinne kuwa kimoja na kukupa picha ya 12. Yaani mtengenezaji mwenyewe amekubali kwamba vikapu vilikuwa vingi mno. Kwa picha ya mchana ya kutumiana, simu yatosha na kuzidi. Lakini aliyeketi hahesabiki sawa na anayekwenda. Mtoto akikimbia, zile picha zilizojumlishwa hazilingani tena.

Liko na jambo la mwendo. Kihisio cha CMOS cha kawaida hupima safu kwa safu, toka juu kuja chini. Pikipiki ikipita kasi, safu ya juu imeiona hapa na ya chini imeiona pale, na picha ikatoka imepinda kama mnazi wa kaskazi. CCD za kamera nyingi ndogo hazikuwa na kasoro hiyo, kwani zilifunika vikapu vyote kwa pamoja. Mwishoni mwa 2023 Sony walitangaza kamera ya a9 III, ya kwanza ya kipimo kikubwa yenye CMOS inayosoma vikapu vyote kwa mara moja. Ni kamera ya wenye mali. Yule kijana wa mahafali haimhusu, kwani mwenye joho hakimbii.

Linalomhusu yeye, na linalotuhusu sisi wa pwani, ni weusi na weupe kukaa pamoja. Harusini kwetu bwana amevaa kanzu nyeupe, mama amevaa buibui jeusi, na jua la saa saba liko utosini. Kihisio chenye vikapu vyembamba hujaa upesi. Kanzu ikigeuka karatasi tupu, hapana fundi atakayeirudisha mishono ya darizi, kwani jani lililomwagika halikupimwa. Ukipunguza nuru ili kuiokoa kanzu, buibui likawa shimo, na uso wa mweusi wetu ukazama humo. Wenye kutengeneza filamu zamani walipima rangi zao kwa kadi zenye picha za wanawake wa kizungu, na ngozi zetu zikalipa gharama kwa miaka mingi. Kihisio hakina ubaguzi, kinahesabu tu, ila programu imefunzwa na watu. Mwaka 2021 Google walikiri kwa vitendo kwamba kazi hiyo ilibaki, walipotoa simu iliyorekebishwa ili ngozi nyeusi zitoke kwa haki. Kumbe wale mafundi wetu wa zamani, kama Ranchhod Oza aliyefungua Capital Art Studio Unguja mwaka 1930, walikuwa wakiyatatua hayo kwa taa, kwa pazia na kwa jicho lao.

Na tukitaja jicho, liko neno moja ambalo msomaji wa pwani hatatusamehe tukiliruka, nalo ni mwezi. Silikoni huona hata nuru iliyo nje ya nyekundu, tusiyoiona sisi, ambayo kwa kawaida kamera huwekewa kichungi kuizuia. Nuru hiyo yatumika leo katika droni za kilimo, kwani jani lenye afya huirudisha kwa wingi na jani lililodhoofika huipunguza. Kwa nuru hiyo hiyo, tarehe 8 Julai 2013, Mfaransa Thierry Legault alipiga picha ya ukingo wa mwezi saa ile ile ya mwandamo wa hesabu, mchana, mwezi ukiwa kando ya jua, pahali ambapo jicho la mwanadamu haliwezi kuona kitu. Hizo zilikuwa siku za kuingojea Ramadhani ya mwaka ule. Je, huko ni kuona? Hilo ni swali la masheikh, na sisi tuliosoma chuoni kwa ubao na wino twajua mpaka wetu. Tunachosema ni kimoja: wakati wa kulijadili, ijulikane kwamba kihisio si jicho lililokuzwa. Darubini humkaribishia mtu kile ambacho jicho lake huweza kukiona. Kihisio hukusanya na kujumlisha, kikaleta habari ya kitu ambacho jicho halikukiona kabisa. Anayetoa hukumu na aijue tofauti hiyo kwanza.

Tulimjibu nini yule kijana? Tulimwambia hivi. "Mwanangu, sisi washairi tuna ugonjwa kama wako. Yuko mtu huhesabu mizani nane kwa nane, vina vikakaa, na shairi lake lisiwe na neno. Mizani ni lazima, lakini mizani si shairi. Megapikseli nazo ni hivyo. Megapikseli 16 zatosha kuchapa picha ya kutundika ukutani kwa mama yako. Kazi yako ni ukungu, majoho meusi na nyuso zetu. Tafuta shamba pana, na pesa itakayobaki itie katika lenzi." Akauliza, "Na rangi za CCD, mzee?" Tukamwambia, "Rangi jifunze kupika mwenyewe."

Alichukua ile nzito. Wiki chache baadaye alituletea picha aliyoipiga alfajiri: mama yake ndani ya chai, kapu mgongoni, ukungu umemfika kiunoni. Majani ya karibu yalihesabika, na uso wa mama ulionekana kila mstari wake. Hatukujibu kwa maneno mengi. Tuliikumbuka picha yetu ya yule bibi, tukanyamaza.

Lakini gazeti halinyamazi. Twaona mambo mawili yapasa kufanywa. La kwanza, wauzaji wa kamera na simu, wa Mombasa na wa Kericho sawasawa, waandike juu ya kila kifaa eneo la kihisio kwa milimita za mraba, pale pale penye megapikseli, kwa herufi za ukubwa ule ule. Namba hiyo watengenezaji wanayo. Na wenye mamlaka ya vipimo, waliozoea kukagua mizani za sukari na nyama, waipokee mizani hii mpya. La pili, vyuo vyetu vya ufundi vifundishe mambo haya kwa Kiswahili. Tumeyaeleza hapa kwa kikapu, mizani na shamba, na hatukuhitaji zaidi. Mkulima aliyeuza chai yake kwa kilo, akiisimamia mizani kwa macho yake mawili, hawezi kushindwa kuelewa kwamba shamba dogo halitoi mavuno makubwa. Aliloshindwa ni kuambiwa.

Na wewe msomaji, utakapokwenda dukani, usiulize vikapu vingapi. Uliza shamba lina upana gani. Muuzaji akibabaika, rudisha pesa yako mfukoni, uende duka la pili.